Kuacha Dawa za Sonona Ukiwa Lemara

Wengi wanaoacha dawa za sonona hapa Arusha hawakukaa chini wakaamua. Dawa ndizo zilizowaacha. Umefika dirisha la dawa ukaambiwa zimeisha, kanunue nje, na mfukoni una nauli ya kifodi tu. Au mkataba wa kazi umeisha watalii walipopungua, bima nayo ikakatika. Au shangazi aliyeko Marekani, ambaye hukutumia kopo la sertralini kila anapopata mtu anayekuja nyumbani, safari hii hakumpata mtu. Au umetoka kwenye mkesha wa maombi umeambiwa umeshafunguliwa, ukavimwaga vidonge chooni usiku uleule. Siku ya tatu kichwa kinazunguka, unaamka umelowa jasho baada ya ndoto zisizoeleweka, na kila ukigeuza macho haraka kitu kama shoti ya umeme kinapita kichwani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekwama hivyo. Umeandikwa pia kwa yule mwenye bahati zaidi, aliyekaa vizuri kwa muda mrefu na sasa anataka kuacha kwa mpango. Ushauri wangu kwa wote wawili unaanzia mahali pamoja: kuacha kwa ghafla kugeuzwe kuwe kuacha kwa hatua, hata kama ghafla yenyewe ilishatokea juzi. Mwongozo huu haumwondoi daktari. Unakusaidia ufike kwake ukiwa unajua unachoomba.

Mwili unafanya nini

Dawa nyingi za sonona hufanya kazi kwa kuongeza kemikali iitwayo serotonini inayopatikana kati ya seli za ubongo. Ubongo hauketi tu ukapokea. Baada ya wiki na miezi unajipanga upya kufuatana na hali hiyo, na unaizoea. Dawa ikiondolewa kwa siku moja, mpangilio ule mpya unabaki bila kile ulichopangwa kukitegemea, na hadi ubongo ujirekebishe tena, wewe ndiye unayelipa.

Watu wakisikia hivyo huuliza kama dawa hizi ni za kulevya. Hapana. Hakuna anayeuza simu ya mkewe apate fluoksetini, wala hakuna anayetaka kila mwezi aongezewe dozi ili ajisikie vizuri. Lakini kwamba hazileti uchu hakumaanishi kwamba zinaachwa kama unavyoacha vidonge vya minyoo. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe, huko Ulaya na Marekani, waliwaambia wagonjwa kwamba dalili za kuacha ni nyepesi na huisha ndani ya wiki moja au mbili. Mwaka 2019 chuo cha kitaaluma cha madaktari wa akili wa Uingereza kilibadili msimamo na kukiri kwamba kwa baadhi ya watu dalili huwa kali na huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukikutana na mhudumu anayekwambia jambo hilo halipo, usimgombeze. Huenda hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Dalili huanza kwa kawaida siku mbili hadi nne baada ya kuacha au kupunguza. Mwili huuma kama wa mtu mwenye mafua. Kunakuwa na kichefuchefu, kizunguzungu, jasho, usingizi wa kukatikakatika, ganzi au michomo kwenye ngozi, zile shoti za kichwani, hasira zinazopanda bila sababu, na machozi yanayokuja hata kwenye tangazo la redio. Anayeacha amitriptilini hupata zaidi tumbo kuvurugika, jasho, mate mengi na ndoto zinazomwamsha.

Hapa kwetu kuna mtego. Mtu mwenye mwili kuuma, kichefuchefu na jasho la usiku huenda maabara ya mtaani, na anarudi na majibu yaleyale ya kila mtu: taifodi na UTI. Anameza antibayotiki siku saba, dalili za kuacha dawa zinapungua zenyewe, naye anaapa kwamba alikuwa na taifodi. Kupima malaria si kosa, ingawa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Ila kabla hujatoa damu, mwambie anayekupima: “Kuna dawa nilikuwa nakunywa kila siku, nimeacha siku tatu zilizopita.” Sentensi hiyo inaweza kukuokolea pesa nyingi.

Si kila mtu anapata shida. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2024 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliokusanya tafiti 79 zenye watu zaidi ya 20,000, ulikuta kwamba karibu asilimia 31 ya walioacha dawa halisi walipata dalili, na asilimia 17 ya walioacha vidonge visivyo na dawa ndani yake nao walipata. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya dawa yenyewe: takribani mtu 1 kati ya 6 au 7. Waliopata dalili kali walikuwa kama mtu 1 kati ya 35. Zisome takwimu hizo kwa tahadhari, maana nyingi ya tafiti hizo zilihusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi. Kama umetumia miaka mitatu au minne, jiandae kwa safari ndefu kuliko ya mwenzio wa miezi sita.

Dawa zenyewe pia hazifanani. Paroksetini na venlafaksini ndizo zenye sifa mbaya kuliko zote, kwa sababu hutoka mwilini haraka. Kuna watu husikia wakichelewa dozi moja tu. Fluoksetini iko upande wa pili. Yenyewe, pamoja na kile inachogeuka kuwa ikiwa mwilini, hukaa humo kwa wiki kadhaa, hivyo hujipunguza taratibu bila kusukumwa. Uzuri huo una hila yake: unaweza kuacha leo, ukatembea vizuri mwezi mzima, ndipo ukaanza kuyumba na usikumbuke kabisa kwamba kuna dawa uliiacha. Sertralini na sitalopramu ziko katikati. Amitriptilini, ambayo ndiyo ya zamani, ya bei nafuu na inayopatikana kirahisi kuliko nyingine hapa kwetu, huleta shida zaidi kwa waliokuwa kwenye dozi kubwa. Na angalia jina kwenye pakiti yako hata kama hukuwahi kuambiwa una sonona. Wengi wameandikiwa amitriptilini kwa kipandauso, maumivu ya mishipa ya fahamu au usingizi, na hawajui kwamba ni dawa ya kundi hili.

Ugonjwa umerudi, au ni dawa inatoka?

Swali hili ndilo linalowapoteza watu wengi. Siku ya nne unalia jikoni, dada yako anasema, “Unaona? Bila dawa huwezi.” Unarudia dawa, unatulia baada ya siku mbili, na kuanzia hapo familia nzima inaamini kwamba utakunywa maisha yako yote. Inawezekana hukuwa mgonjwa kabisa. Ulikuwa umeshuka haraka mno.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni muda. Dalili za kuacha huja ndani ya siku chache baada ya dozi kushuka, isipokuwa kwa fluoksetini. Sonona hurudi polepole, kwa wiki au miezi. La pili ni mwili. Sonona haileti shoti kichwani wala kizunguzungu cha kushika ukuta. Ukiwa na hizo pamoja na huzuni, uwezekano mkubwa ni dawa. La tatu ni kinachotokea ukirudia dozi. Dalili za kuacha hutulia ndani ya siku moja hadi tatu hivi, lakini sonona iliyorudi huhitaji wiki kadhaa za dawa kabla hujaona nafuu.

Lakini usijidanganye pia kwa upande wa pili. Kama wiki sita zimepita tangu hatua ya mwisho, mwili uko sawa, na bado unaamka saa tisa usiku kila siku, chakula hakina ladha, kanisani au msikitini huendi, watoto wakiongea unawasikia kama wako mbali, huo ni ugonjwa na unahitaji tiba. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu 478 waliokuwa wametumia dawa kwa muda mrefu na kujisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Katika mwaka mmoja, asilimia 56 ya waliopunguza hadi kuacha waliugua tena, na miongoni mwa walioendelea na dawa waliougua ni asilimia 39. Soma takwimu hizo pande zote mbili: wengi wa walioacha waliugua tena, na wengi wa walioendelea walibaki wazima. Karibu nusu ya walioacha nao walibaki wazima. Hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika utaangukia upande gani, ila aliyewahi kuugua sonona mara mbili tatu, au aliyewahi kujaribu kujiua, afikirie mara nyingi zaidi kabla ya kuanza.

Kabla ya hatua ya kwanza

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016, ambao ndio msingi wa mafunzo ya wahudumu wengi wa ngazi ya wilaya, ulishauri uendelee na dawa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, ndipo upunguze taratibu kwa wiki zisizopungua nne. Hizo wiki nne zichukue kama kiwango cha chini. Kwa aliyetumia miaka, miezi kadhaa ni jambo la kawaida.

Chagua wakati. Arusha ni mji wa utalii, na kama wewe au mwenzio mnaishi kwa safari, Juni hadi Oktoba si miezi ya kujaribu. Dereva wa gari la watalii hawezi kuwa na kizunguzungu kwenye mteremko wa Ngorongoro akiwa na wageni sita nyuma, na mpishi wa kambi hawezi kumpigia mhudumu wake simu akiwa Serengeti pasipo mtandao. Kwa wapagazi na waongozaji wa Mlima Meru kuna tatizo zaidi: mtu aliyepanda kutoka lango la Momella hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570, anaweza kupata kichwa kuuma, kichefuchefu na usiku usio na usingizi kwa sababu ya urefu wa mlima peke yake. Ukichanganya na dalili za kuacha dawa, hutajua kipi ni kipi, na ugonjwa wa mlima ukipuuzwa huua. Mpango wa kupunguza usubiri msimu upoe. Juni na Julai zina ubaya wa ziada, kwani baridi na mawingu yasiyotoka huwalemea wengi wetu hata walio wazima. Usianze pia mwezi wa msiba, wa talaka, wa mtihani, au wa kuhamia kwenye nyumba isiyokwisha.

Kisha nenda kwa mtu aliyekuandikia. Kutoka kata ya Lemara, hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, iko ng'ambo ya katikati ya mji, karibu na jengo la mikutano la AICC. Kama hapo ndipo kliniki yako, ulizia siku za afya ya akili kabla hujapoteza nauli. Kama dawa yako ni ngumu, au una historia ya kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi, rufaa ya hospitali ya KCMC kule Moshi inafaa safari. Najua kuna wanaokwepa kliniki ya afya ya akili wasije wakaonekana kwenye foleni na jirani akatangaza mtaa mzima kwamba wewe ni wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Omba basi kuonana na daktari wa kawaida wa wagonjwa wa nje. Kupanga kupunguza amitriptilini hakuhitaji daktari bingwa.

Chumba cha daktari kina dakika chache, kwa hiyo ingia na maneno tayari. Baada ya salamu sema hivi: “Dokta, natumia dawa hii, dozi hii, tangu mwezi fulani wa mwaka fulani. Nimekaa vizuri kwa miezi kadhaa. Nataka kupunguza kidogo kidogo, si kuacha mara moja. Naomba uniandikie dozi ndogo nitakazoshukia, na tarehe ya kurudi.” Peleka pakiti yenyewe. Mtaje dawa nyingine zote, pamoja na za presha, za kifafa na za mitishamba. Kama una mimba au unatarajia kupata, sema kabla ya kitu kingine chochote, maana hapo kuacha kiholela kunaweza kuwa na hatari kuliko kuendelea.

Mchague pia mtu mmoja nyumbani. Kazi yake si kukulinda. Kazi yake ni kukuangalia, kwa kuwa hasira na kukosa subira mara nyingi huonekana na wengine kabla mwenyewe hujaziona. Mwambie waziwazi: “Nikianza kuwa mkali bila sababu, usibishane na mimi, nikumbushe kwamba nimepunguza dawa Jumatatu.”

Kushuka

Kanuni ambayo wengi hawaijui ni kwamba miligramu za mwisho ndizo ngumu. Mwaka 2019 Mark Horowitz na David Taylor, watafiti wa London, waliandika maelezo yake kwa kutumia vipimo vya picha za ubongo. Miligramu 20 za sitalopramu hushika takribani asilimia 80 ya visafirishi vya serotonini, yaani vile ambavyo dawa huvizuia ili serotonini ibaki kati ya seli. Ukishuka hadi miligramu 9 hivi, yaani chini ya nusu, bado visafirishi karibu asilimia 70 vimeshikwa. Hata kwenye miligramu 3 na ushee, nusu bado imeshikwa. Kwa hiyo kutoka 20 hadi 10 ubongo hauoni tofauti kubwa, lakini kutoka 5 hadi sifuri unaporomoka. Ni ngazi ambayo vidato vya chini ndivyo virefu. Mtu anayesema “nilipunguza vizuri tu hadi nusu kidonge, nikaacha, nikaanguka” ameeleza jambo hilohilo bila kuhitaji picha ya ubongo.

Kwa vitendo, hatua za mwanzo zinaweza kuwa kubwa, za mwisho ziwe ndogo na zenye nafasi zaidi kati yake. Mfano wa kumwonyesha daktari, kwa mtu aliye kwenye miligramu 75 za amitriptilini usiku: anashuka hadi 50, anakaa wiki mbili hadi nne, halafu 25, anakaa tena, halafu nusu ya kidonge cha 25, na kama kuna vidonge vya miligramu 10 kwenye famasi, anapitia hapo kabla ya kuacha. Kukata kidonge kwa kisu cha jikoni hutoa vipande visivyolingana, kimoja kikubwa kingine unga. Famasi kubwa za mjini huuza vifaa vidogo vya kukatia vidonge. Kikikosekana, mwombe mfamasia akukatie wiki nzima.

Fluoksetini ni kapsuli, mara nyingi ya miligramu 20, na haikatiki. Kwa kuwa inakaa mwilini muda mrefu, daktari anaweza kukupangia kunywa siku moja na kuruka nyingine, halafu kuruka mbili. Njia hiyo ya kuruka siku ni ya fluoksetini. Usiihamishie kwenye sertralini, paroksetini au venlafaksini, kwa sababu hizo hutoka haraka, na kuruka siku ni sawa na kuacha na kuanza, kuacha na kuanza, kila wiki. Kapsuli za venlafaksini zinazotoa dawa polepole zisisagwe wala kutafunwa. Ukiwa kwenye venlafaksini au paroksetini na kila hatua inakuangusha, muulize daktari kuhusu kuhamishiwa fluoksetini kwanza na kuiacha kupitia huko. Ni njia inayotumika, ila ifanywe na yeye. Usichukue fluoksetini ya jirani ukaichanganya na amitriptilini yako, kwa kuwa fluoksetini hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu hadi kinaweza kuuvuruga moyo.

Baada ya kila hatua subiri. Dalili zikija zikatulia, songa mbele. Zikiwa nzito hadi huwezi kwenda kazini, rudi kwenye dozi ya hatua iliyotangulia, kaa hapo mwezi, kisha shuka kwa kipande kidogo zaidi. Kurudi hatua moja hakufuti ulichokwishafanya. Andika kwenye daftari la kawaida au kalenda ya ukutani: tarehe, dozi, usingizi, kizunguzungu, hisia. Mistari miwili kwa siku yatosha, na ukirudi kliniki hayo ndiyo atakayoyasoma dokta badala ya kukisia.

Dawa zikikatika

Sasa turudi kwa yule wa dirisha la dawa. Ukiwa na vidonge vya siku kumi na umeshaambiwa mzigo ujao haujulikani, usivinywe vyote kama kawaida ukingoje muujiza. Siku hiyohiyo, kabla hujaondoka hospitalini, rudi kwa daktari akubadilishie kwenda kwenye dawa iliyopo, au akuandikie cheti cha kununua nje, au akupangie kushuka kwa vidonge hivyo ulivyo navyo. Amitriptilini na fluoksetini zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kawaida mojawapo hupatikana kwenye famasi za mjini kwa jina lake la asili. Uliza jina la dawa, usiulize jina la kampuni. Aliyekuwa akiletewa kopo la kigeni huweza kuzunguka mji mzima akitafuta jina la kibiashara ambalo halijawahi kuuzwa hapa, wakati dawa ileile iko rafu ya pili kwa jina jingine.

Kama umeshakaa bila dawa siku mbili tatu na dalili zimeanza, kurudia dozi yako ya kawaida mara nyingi hutuliza, halafu unapanga kushuka. Kama zimepita wiki mbili au zaidi, usirudie dozi kubwa kwa mkupuo, hasa ya amitriptilini, kwani mwili umeshasahau na unaweza kulala kupita kiasi au kuanguka ukisimama. Hapo uliza kwanza.

Siku mbaya

Kichefuchefu hupungua ukila kidogo kidogo. Uji mwepesi asubuhi, chai ya tangawizi, ndizi, mtori usio na mafuta mengi. Usikae na tumbo tupu hadi saa nane. Kunywa maji, hasa kama unatoka jasho usiku. Kahawa, ambayo mkoa huu tunaipenda kwa haki, iishie asubuhi. Kizunguzungu hakina dawa nzuri zaidi ya kusimama polepole na kutogeuka ghafla. Kwa hiyo kama unaendesha bodaboda au toyo, siku za kwanza baada ya kila hatua mpe mwingine chombo, au fanya safari fupi za mtaani mchana, uiache barabara ya Njiro usiku.

Kutembea kunasaidia usingizi na hisia zote mbili. Ikiwezekana toka asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo, nusu saa hivi. Ndoto za ajabu hazimaanishi umerogwa. Ni usingizi unaojirudishia sehemu ambayo dawa ilikuwa inaibana, nazo hupungua.

Vitu vya kukwepa ni vile vinavyotolewa kwa upendo. Mbege na konyagi hukulaza saa mbili, halafu hukuamsha saa nane usiku ukiwa na hofu mara mbili. Diazepamu ya kununua bila cheti itakutoa kwenye dawa isiyo na uchu ikupeleke kwenye yenye uchu. Tramado ya kutuliza maumivu isichanganywe na dawa hizi. Pamoja zinaweza kusababisha degedege na kuvuruga serotonini kwa kiwango cha kulazwa. Mirungi, mbali na kwamba ni kosa kisheria, humpa mtu asiyelala sababu nyingine ya kutolala.

Kuhusu maombi na mitishamba nitasema wazi. Mkoa wetu una kumbukumbu ya mwaka 2011, Loliondo, kijiji cha Samunge, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na foleni za magari zikaenda kilomita kwa kilomita. Wapo waliokunywa kikombe kile wakaacha ARV na dawa za kisukari siku hiyohiyo, na hali zao zikazorota. Omba, funga, wekewa mikono, kunywa mizizi ambayo umemtajia daktari wako ukasikia haina madhara. Ila kidonge kiendelee kushuka kwa ratiba yake. Mchungaji akikutaka uache leo kama ishara ya imani, mjibu kwa heshima kwamba unaacha, na tarehe ya mwisho ni fulani. Wengi huridhika na tarehe.

Kuna hali ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Ukianza kufikiria kufa, au kutafuta njia, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende idara ya dharura ya hospitali, hata saa nane usiku. Vilevile ukikaa siku tatu hulali na badala ya kuchoka unajisikia una nguvu za ajabu, unaongea bila kituo, unagawa pesa. Au ukipata degedege. Au ukisikia sauti ambazo wenzako hawazisikii. Anayekupeleka abebe pakiti ya dawa na lile daftari la dozi, kwa sababu wewe mwenyewe huenda usiweze kujieleza.

Utakapomaliza hatua ya mwisho, rudi kliniki mara moja baada ya mwezi na nyingine baada ya miezi mitatu, hata ukiwa mzima kabisa. Vidonge vilivyobaki usivihifadhi “kwa tahadhari” juu ya kabati. Amitriptilini ni hatari mno ikizidishwa, na vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Usimpe pia mpangaji mwenzio anayelalamika kwamba halali. Virudishe kwenye famasi ya hospitali uliyochukulia, ndani ya pakiti yake, ili mfamasia aviteketeze kwa utaratibu wao.